Kubomoa Hapana, Kubomoka Ruhusa

Pole kwa msiba, na hongera kwa mirathi. Arubaini ya bibi imekwisha, masinia yamerudishwa kwa wenyewe, na sasa wewe na wenzako mna nyumba ya mawe Mkomani, katika mji wa Lamu. Kuta zake zina unene wa dhiraa moja. Chumba cha ndani kabisa kina zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizopangwa safu juu ya safu, kiwandani, yaani ua wa ndani, pana birika lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi wa mbu, na mbele kuna mlango wa nakshi ambao mfanyabiashara mmoja aliuulizia bei hata khitma haijasomwa.

Nawe unataka ghorofa. Usione haya, wengi tunalitaka. Vyumba kumi na viwili, kila kimoja na choo chake, viyoyozi vikilia ukutani, na juu kabisa mkahawa wa kutazama jua likizama nyuma ya mikoko.

Kikwazo ni kimoja tu: huruhusiwi kubomoa. Mji wa kale wa Lamu uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1986. UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mwaka 2006 Bunge la Kenya likapitisha sheria mpya ya makumbusho na turathi. Ukifika na nyundo asubuhi, adhuhuri utakuwa na wageni wenye mafaili.

Lakini Kiswahili kimekuachia upenyo, tena upenyo wa herufi moja. Ulichokatazwa ni kubomoa. Kubomoka, nani atashtakiwa? Kwenye kubomoa kuna mtu na nyundo yake, kwenye kubomoka kuna ukuta na Mola wake. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuichomeka hiyo k mahali pake, taratibu, bila vumbi, na bila kupoteza heshima yako msikitini.

Anza kwa kuitengeneza

Wasio na uzoefu huanza kwa kuitelekeza nyumba. Kutelekeza kunafanya kazi, sikatai. Ukipita Kilwa Kivinje au Pangani utaona nyumba za mawe zilizoachwa mpaka zikalala zenyewe. Ila njia hiyo ni ndefu, na majirani watakusema. Mjuzi huanza kwa kuikarabati.

Ili uelewe, lazima kwanza uijue nyumba yenyewe. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaleyale yaliyopangwa juu ya kuni, yakachomwa, yakamwagiwa maji na kuachwa yalale. Jiwe hilo lina vitundu. Hunyonya unyevu wa ardhini, na kwa kuwa limevikwa chokaa ambayo nayo ina vitundu, unyevu hutoka kila jua linapowaka na upepo wa kusi unapopuliza. Ukuta unapumua. Umekunywa na kukauka hivyo tangu enzi za babu wa babu yako, na kila baada ya misimu kadhaa mwenye nyumba akiupaka chokaa mpya.

Sasa leta simenti. Kwa ukuta wa aina hii simenti ni koti la mpira. Maji yakishapanda hayana pa kutokea, kwa hiyo hupanda zaidi, yakibeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hukua na kulipasua punje kwa punje. Kwa nje nyumba itang'aa. Watu watasimama kukupongeza. Hiyo ndiyo raha ya njia hii: miaka mitatu ya kwanza utaitwa mhifadhi.

Najua kwa sababu sisi tulifanya. Ukuta wa msana wa tini, ule ukumbi mrefu wa chini, ulikuwa unapukutika, ami yangu akaleta mifuko minane ya simenti kwa punda, ukapigwa lipu laini kama sahani, tukapiga na picha. Miaka michache baadaye alikuja fundi mzee kwa shughuli nyingine kabisa, nadhani ni bawaba ya mlango. Akasimama mbele ya ukuta ule, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama debe tupu. Akatoa ufunguo mfukoni, akachokonoa mahali padogo, na lipu ikabanduka kipande kizima kama ganda la mkate wa mofa. Nyuma yake jiwe halikumeguka. Lilimwagika, likachuruzika hadi sakafuni kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Fundi akachovya kidole kwenye ule unga, akaramba.

"Chumvi," akasema.

Ami akamuuliza kama kuna dawa ya kupaka.

"Dawa ndiyo hiyo mlopaka." Kisha, alipoona uso wa ami umebadilika, akalainisha: "Nyumba haifi kwa uzee, mwanangu. Hufa kwa mai."

Mai, kwa wasiotoka kwetu, ni maji. Yaandike hayo maneno kwenye karatasi, uyabandike jikoni. Mengine yote katika mwongozo huu ni maelezo yake.

Ukishamaliza ukuta, tazama juu. Dari lako limebebwa na boriti za mikoko. Wakata mikoko wa Lamu wanaipanga miti yake kwa unene na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba na mgeni huhisi ameingia ndani ya jahazi. Kichwa cha kila boriti kimezama ukutani. Ukuta ukilowa, kichwa huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika, huku mwili wa boriti ukiendelea kuonekana mzima na wenye afya. Wewe kazi yako ni kuongeza uzito tu.

Kwa hili hakuna chombo kizuri kuliko tangi jeusi la plastiki. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, sawasawa na kupandisha punda zaidi ya thelathini juu ya paa na kuwaomba wasimame wote kwenye pembe moja wakisubiri. Liweke juu ya msana, katikati ya boriti, mbali na kuta. Kisha jenga choo ghorofa ya pili mahali ambapo wazee hawakuwahi kuweka choo, na uhakikishe bomba linavuja kidogo. Nasisitiza kidogo. Bomba linalovuja sana litatengenezwa kesho, bali linalovuja kidogo litadumu kuliko ndoa nyingi.

Mlizamu wa kutoa maji ya mvua juu ya paa, ule ulioziba majani na kinyesi cha kunguru, usiuguse. Huo tayari uko upande wako.

Itisha kikao cha familia

Ikiwa hujapata fedha za simenti, usikate tamaa. Ipo silaha isiyogharimu hata senti, nayo ni warithi.

Mgao wa mirathi ya Kiislamu unajulikana: mjane thumuni, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, na kila anayefariki kabla hamjagawa anawaachia wanawe nao waingie. Subirini vizazi viwili na mtajikuta watu ishirini na watatu: wengine Mombasa, wengine Nairobi, wengine Maskati na Dubai, mmoja Toronto ambaye hukumbuka nyumba ile kila theluji inapoanguka. Fungueni kundi la WhatsApp. Liiteni Nyumba ya Bibi. Wekeni picha ya mlango.

Kanuni ya kundi ni kwamba kila mwenye hisa ana haki ya kukataa, na hakuna mwenye hisa mwenye wajibu wa kununua ndoo ya chokaa. Mwenye fungu moja katika tisini na sita, ambaye ukimshusha gatini hawezi kufika nyumbani bila kuuliza njia, ndiye atakayepinga kwa sauti kubwa zaidi. Anayetaka kuuza ataitwa mwenye tamaa. Anayetaka kutengeneza ataulizwa anatafuta nini. Anayetaka kununua hisa za wenzake ataambiwa bei ya Shela, kijiji cha jirani ambako wageni wa Ulaya wamenunua nyumba kwa fedha ambazo sisi tunazisikia kama hadithi za Abunuwasi.

Aghalabu yupo shangazi mmoja ambaye bado anaishi humo chini, anayehamisha ndoo usiku wa mvua akifuata matone. Mpeni heshima zote. Mumwombee dua kila Ijumaa kwenye kundi. Pesa, msimpe.

Zamani mambo yalikuwa ya hatari sana kwa kazi yetu hii. Mwenyeji wa Lamu mwenye uwezo alimjengea binti nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya mama yake, na mwanamume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Nyumba ikawa na mwenyewe, tena mwenyewe anayelala ndani yake na kusikia tone la kwanza. Familia yenye nyumba mbili zinazotazamana ilijenga wikio, chumba kinachopita juu ya njia kama daraja, wanawake wakavuka kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabarani. Mji ulikuwa ukikua kwa harusi. Na wale waliojenga upande wa pwani karne ya 19, kwa roshani na nguzo za kuigiza mambo ya Bara Hindi, ungewauliza wangekwambia wanajenga kisasa, na wazee wa Mkomani pengine waliguna.

Habari hizi usimsimulie mtu. Zinaharibu hoja yetu kubwa kuliko zote, kwamba mji wa kale na maendeleo ni paka na panya na lazima mtu achague. Ikijulikana kwamba huo mji wa kale wenyewe ni maendeleo yaliyofanywa na watu waliojua maji yanapita wapi, tutakuwa na kazi ngumu.

Mpe kila ofisi nusu ya habari

Kuna wanaosimamia turathi, kuna wanaotoa vibali vya ujenzi, kuna wa mazingira, na tangu 2013 kuna serikali ya kaunti iliyopokea sehemu ya kazi hizo. Wote ni watu wazuri, na kila mmoja ana stempu. Kwa kila mmoja sema kwamba mwenzake ameshakubali na kinachosubiriwa ni yeye.

Kwenye fomu andika "ukarabati mdogo". Hakuna neno pana kama ukarabati, unaweza kuingiza winchi ndani yake. Mwezi huu karabati ukuta wa nyuma kwa kuutoa. Mwezi ujao karabati dari kwa kumwaga zege. Kazi zenye kelele zifanye kuanzia Alhamisi jioni ya kuamkia sikukuu, mafaili yakiwa yamelala. Ukuta wa mbele uache kama ulivyo mpaka mwisho, kwa sababu wakaguzi, kama watalii, hutembea njiani.

Ukiambiwa kuna mipango, kubali. Ipo. Msanifu majengo Usam Ghaidan aliupima na kuuchora mji huu miaka ya 1970, na mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver wakatoa mpango mzima wa hifadhi, wenye ramani na michoro hata mtu wa kawaida anaelewa. Sema umeusoma. Sema ni mzuri sana. Kisha uliza kama umewahi kuhuishwa, na mazungumzo yatahamia kwenye bajeti, na bajeti huwa haina mwisho.

Wakati huo nyumba itakuwa imefikia hatua tunayoiita gofu. Gofu ni hatua tukufu. Mti umeota juu ya ukuta na mizizi yake imeshuka ndani kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, mbuzi wa jirani wamehamia sebuleni, na watoto wamekatazwa kupita upande ule. Uza mlango sasa, kabla haujazikwa. Uchomoe na fremu yake, mfaa wa katikati na kizingiti, maana mnunuzi wa Nairobi hataki mlango pungufu. Ataufanya meza ya kioo.

Halafu subiri barua. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Baada ya miaka yote hiyo ya kukwambia usibomoe, siku moja atakuja mtu akiwa na kofia ya plastiki, atatazama ule ukuta ulioinamia njia ya watu, na kwa usalama wa umma atakuandikia kukuamuru ubomoe. Itie kwenye fremu. K yako imekwenda ikarudi na kibali.

Hapa kejeli naomba ikae kando kidogo, kwa sababu kubomoka si mzaha kila mahali. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa, mafundi wakiwa ndani wakiikarabati, na watu wawili wakafa. Ilishawahi kutoa onyo mwaka 2012 sehemu ya pembe ilipoanguka. Kati ya onyo na maporomoko ilipita miaka minane. Wala hilo halikuwa gofu la warithi ishirini na watatu. Lilikuwa jumba maarufu kuliko yote ya mwambao, lenye kamati, wafadhili na wataalamu, na hata hivyo lilianguka.

Tuendelee.

Jenga kwa mtindo wa Kiswahili

Kiwanja sasa ni kitupu. Simamisha nguzo za zege, jaza kwa matofali ya simenti, panda juu mpaka jirani aliyekuwa akianika nguo juani aanze kuanika kivulini. Usijali kwamba barabara ya mbele ilipimwa kwa punda mwenye shehena, si kwa lori la mchanga. Punda wataleta mchanga, debe kwa debe, na wewe utalalamika kwamba punda ni wachafu.

Usisahau mapambo, kwa sababu mgeni hakuja Lamu kulala ndani ya boksi. Weka matao madirishani. Zidaka zichonge kwa jasi na uzitie taa za rangi ya samawati. Mlango agiza wa mashine, nakshi zikiwa zote sawa, na juu yake tia misumari ya shaba ya mlango wa Kihindi, ambao si wa hapa, lakini mgeni hajui nawe umeshasahau. Kiwanda cha ndani kilichokuwa kikivuta upepo na kuutoa juu usikijenge, kinakula nafasi ya vyumba viwili. Joto likizidi, washa kiyoyozi, na maji yake yadondokee ukuta wa jirani, ambaye bado ana nyumba ya mawe. Umemsaidia kuanza.

Hoteli iite Nyumba ya Bibi.

Kwa wenye mtaji: ihifadhi kabisa

Ipo njia ya pili ya kuumaliza mji, safi zaidi, na haitaki hata tone la maji. Ihifadhi nyumba kikamilifu halafu uifunge.

Lazima niseme ukweli unaouma. Baadhi ya wageni walionunua nyumba Lamu na Shela walizitengeneza vizuri kuliko sisi. Walitafuta wazee waliokuwa bado wanajua chokaa wakati sisi tunabeba simenti, wakalipa, na vijana kadhaa wakajifunza ufundi ambao ungeingia kaburini. Nyumba zile zimesimama. Ukuta ukiugonga haulii kama debe.

Ila pita pale jioni. Kwenye daka, ile baraza ya mlangoni iliyojengwa mahususi ili mgeni apokewe bila kuingia ndani na mzee apate pa kukaa akijibu salamu, hakuna mtu. Mwenyewe yuko Ulaya hadi Desemba. Mlinzi yupo, anacheza na simu. Mtoto wa jirani hana wa kumtuma. Duka la kona lililouza mafuta ya taa na tende sasa linauza vikapu na fulana, kwa sababu nyumba zilizofungwa hazinunui tende. Waliouza wamehamia pembeni ya mji kwenye nyumba za mabati zenye joto, na asubuhi wanarudi kufagia walikozaliwa.

Ukiipenda njia hii, saidia kwa kukataza. Mkataze mwenyeji kuweka waya, mkataze kutia dirisha upande wa upepo, mkataze jiko la gesi linaloharibu picha. Kila anaposema watoto wameongezeka, mwoneshe picha ya mwaka 1900. Mwambie yeye ni sehemu ya urithi. Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba ni sehemu ya urithi hufungasha.

Tafuta mchawi mkubwa

Yote haya yakijulikana, utahitaji wa kumlaumu. Tuna bahati, tuna bandari. Machi 2012 wakuu wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, walizindua LAPSSET, mradi wa bandari na njia za kuziunganisha nchi hizo, na Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa katika ghuba ya Manda. Ni mradi mkubwa na madhara yake si ya kubuni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mwaka uliofuata baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe baada ya wenyeji kwenda kushtaki wenyewe, kwa miguu yao na makaratasi yao.

Uzuri wa mchawi mkubwa ni kwamba anakupumzisha. Andamana dhidi ya bandari, tena una haki. Vaa fulana. Kisha urudi nyumbani upite chini ya tangi lako la tani tano bila kuinua macho.

Mambo ya kuepuka

Kuna baadhi ya vitendo vinavyoweza kuharibu kazi ya miaka, na nimeona watu wakivifanya kwa bahati mbaya, kwa hiyo navitaja haraka.

Usizibue mlizamu kabla ya masika. Ni kazi ya nusu saa na kijiti, na inaweza kuiongezea nyumba umri kuliko mradi wa wafadhili. Usiteremshe tangi chini na kutumia pampu ndogo. Usibandue simenti. Ukiibandua, ukuta utatoa jasho la chumvi kwa muda, utaonekana mbaya sana, kisha utaanza kupumua tena na hutaweza kuuzuia. Usimwite fundi wa chokaa kabla nyufa hazijaingia kidole. Usiruhusu warithi wasaini karatasi moja inayompa mtu mmoja mamlaka ya kupangisha chumba cha mbele kuwa duka ili kodi yake inunue chokaa. Nyumba inayojilipia haibomoki. Usiongeze ghorofa kwa boriti na chokaa kwa ajili ya binti anayeolewa, kwa idhini, kwa kipimo cha jirani. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu nyumba itakuwa mpya na ya kale kwa wakati mmoja na hakuna atakayejua amlaumu nani.

Na usimpe shangazi pesa. Nilikwisha kusema, lakini wapo wanaosahau.

Sisi kwetu tunaendelea vizuri, tunashukuru. Ule ukuta wa msana umeushawishi ukuta wa pili, na mwezi uliopita boriti ya tatu kutoka mlangoni imeanza kushuka, taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Shangazi aliipiga picha akaituma kwenye kundi, yeye ambaye hajui kutuma picha, kwa hiyo alimwomba mtoto wa jirani. Picha ilikuwa na kiza, lakini ufa ulionekana, na chini yake ndoo ya bluu.

Watu kumi na wanne waliweka mikono ya dua. Binamu wa Maskati akauliza kama ule mlango bado upo. Wa Toronto akaandika kwamba amelia. Kisha ami, yuleyule wa simenti, ambaye sasa ni mzee wetu na neno lake ndilo la mwisho, akaandika kwamba Inshallah jambo hili tutalizungumza sote kwa kituo baada ya Idi.

Hakusema Idi ipi.